Mtazame Asiyesema

Vijana ninaofanya nao mazoezi ya maigizo hapa Bagamoyo wana ugonjwa mmoja. Wakipewa mhusika kutoka riwayani, wanakimbilia maneno yake. Wanayakariri usiku kucha, na asiye na la kusema katika tukio anajiona hana kazi. Anasimama tu, anangoja zamu yake.

Dawa yangu ni kuwaonyesha tamthilia za televisheni zilizotokana na riwaya za zamani. Riwayani mwandishi anaingia kichwani mwa mhusika na kutueleza anachowaza. Kwenye kamera hatuna msaada huo; mwigizaji amebaki na macho na pumzi zake.

Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995, yenye sehemu 6 na iliyotokana na riwaya ya Jane Austen, wengi wanaikumbuka kwa Colin Firth, yaani Darcy, na shati lililolowa. Haya, shati tumeliona. Nendeni kwenye tukio la piano. Georgiana, mdogo wake Darcy, anapiga piano. Mgeni mmoja mwenye wivu analitaja jina la Wickham, mwanamume aliyetaka kumtorosha binti huyo. Vidole vya Georgiana vinakwama. Elizabeth, mwanamke anayependwa na Darcy, akichezwa na Jennifer Ehle, anarudi upesi akijidai anaomba radhi kwa kumwacha bila mtu wa kumfunulia kurasa. Muziki unaendelea, na ng'ambo ya sebule Darcy anamtazama Elizabeth, naye anamtazama. Kitabuni hakuna piano katika mazungumzo hayo. Austen anatueleza kwa sentensi ndefu nani alijikaza na nani alijisikiaje. Hapa yote hayo yamebebwa na nyuso mbili zilizofunga midomo. Ehle alipata BAFTA, tuzo ya Uingereza ya filamu na televisheni, kwa uhusika huu, na kwangu mimi aliistahili kwa namna anavyosikiliza.

Mkimaliza hiyo, tafuteni Bleak House ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens. Gillian Anderson ni Lady Dedlock, mama mwenye siri nzito ya ujana wake, na karibu hachezeshi uso wala mikono. Charles Dance, wakili anayeiwinda siri hiyo, anatisha kwa kusubiri.

Namna ya kutazama: zima sauti, chagua tukio la watu wawili, kisha mzibe anayeongea kwa kiganja. Anayebaki akikuchosha, hajui kazi.

Mtaniuliza, mbona Alison Steadman anapiga kelele mwanzo mwisho akiwa Bi Bennet, mama yake Elizabeth? Wapo wanaosema amezidisha. Mimi namtetea: Bi Bennet hawezi kukaa na jambo moyoni hata dakika moja, kwa hiyo kelele ndiyo tabia yake. Balaa ni pale kila mhusika anapochezwa kama Bi Bennet, na sisi tuliolelewa na jukwaa, tuliozoea kurusha sauti hadi kwa mtazamaji wa nyuma kabisa, tunaangukia huko bila kujua.

Zoezi letu linalofuata ni la Shaaban Robert, Utubora Mkulima. Utubora anamuaga mwajiri wake; anaacha mshahara mnono wa mjini akalime. Nimeyafuta maneno yote ya mwajiri. Kamera ya simu itakaa usoni pa mwajiri huyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mpaka sasa kila mtu anataka kuwa Utubora.