Hesabu kwanza, mkono baadaye

Wadogo zangu wa msimu huu, juzi nimemkuta mmoja wenu kwenye ploti ya karanga ameshika mmea, mizizi bado inadondosha udongo. "Dada, huu umetambaa, nimeutoa." Umeuandika? Kimya.

1. Ploti ya DUS, yaani jaribio la kuona kama aina mpya inatofautiana na nyingine, mimea yake inafanana (huo ndio usawa) na haibadiliki, si shamba la mbegu. Shamba la mbegu tunalisafisha kabla mkaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, hajafika. Kwenye DUS mmea usiofanana na wenzake ndio ushahidi wenyewe. Kwa kipimo cha asilimia 1 ya mimea isiyofanana, tukiacha nafasi ya bahati kwa uhakika wa asilimia 95, mimea 100 inaruhusu mitatu tu ya namna hiyo. Wa nne ukipatikana, usawa umeanguka.

Mimi nililijua hilo kwa kichwa, mkono ukanishinda. Nilikuwa nimetoka kwenye uzalishaji wa mbegu, na siku hiyo mwombaji, mzee aliyekuwa akitafuta haki miliki ya aina yake mpya, alikuwa anakuja kuiangalia, karanga ya kusimama wima. Alfajiri nikaona mitano imelala chini, inatambaa. Nikaing'oa, nikafukia matundu kwa mguu, nikaitupa chini ya mikorosho. Mwombaji akaondoka na furaha, daftari likasema usawa umetimia. Msimu wa pili tukapanda kutoka mbegu ileile aliyotuletea, watambaaji wakaota tena, na safari hii mkubwa wangu ndiye aliyehesabu. Nikasema ukweli mbele ya watu wote. Takwimu za msimu wa kwanza zikafutwa. Na huku Mtwara mvua ni moja, Desemba mpaka Aprili. Ukiharibu, unasubiri mwaka. Yule mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia mwaka jana, ningerudi kuichambua mbegu." Alikuwa ameichagua kwa miaka mingi, shina kwa shina. Haki miliki aliyokuwa akiitafuta ni ya miaka 20, na kwa miti kama mkorosho ni 25. Nimemwibia mwaka mzima, na bado unaniuma.

2. Lebo andikeni kwa penseli, moja nje ya gunia na moja ndani.

3. Aina ya kulinganishia ipandwe jirani, siku ileile. Ukiweka Mangaka 2009, karanga iliyokwishajulikana, huku na aina mpya kule bondeni, unapima udongo, hupimi karanga. Na msikimbie baada ya kuvuna: mdomo wa ganda, yaani ncha yake, na kiuno, pale linapobana, mtaviona mkiwa mmekaa chini na ungo.

4. Mwombaji aulizwe siku ya kwanza kabisa mbegu ilianza kuuzwa lini. Ikiwa imeuzwa nchini kwa ridhaa yake zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, si mpya tena, na msimlimishe bure.

Yule kijana tumerudi naye plotini. Tumelitafuta tundu mpaka tukalipata, mstari wa tano. Ameandika: "Umetambaa. Umeng'olewa kabla ya kuhesabu." Tarehe, sahihi. Kisha tukainama, tukaanza mmea wa kwanza.