Jibu: Nimemlea kiroho miaka miwili, sioni badiliko

Bwana asifiwe, mpendwa. Umesema ndugu unayemlea kiroho bado ana hasira zilezile, na unajiuliza kama uzidi kumbana. Kwanza jiangalie: unamwombea, au unamkagua? Mimi nilikuwa nakagua. Kila Jumapili nilimuuliza kijana mmoja amesoma sura ngapi, hadi akaanza kunikwepa. Nikaacha maswali, nikabaki na maombi. Miezi ikapita, siku moja nikamkuta kanisani amepiga magoti pamoja na baba yake, ambaye walikuwa hawasalimiani. Sikuwahi kumgusia habari za baba yake! Soma Marko 4:26-29, mbegu inaota mkulima amelala. Ila kama hasira yake inaumiza watu nyumbani, hapo usinyamaze, mwambie waziwazi. Na simu usiache kumpigia.