Ruta imekwama kwenye rommon: usikubali kuflashiwa upesi

SWALI: Umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa, na tangu hapo ruta ya ofisini, Cisco 2811, haipandi. Kwenye konsoli naona "rommon 1 >" basi. Fundi anasema buti imekufa, anataka aiflashi upya, yaani aandike mfumo wake upya. Nimruhusu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Bado. Buti ingekuwa imekufa, hata hayo maandishi usingeyaona. Rommon ndiyo buti yenyewe: programu ndogo inayoamka kwanza ruta ikiwashwa. Imekwama hapo kwa kuwa haikupata IOS (mfumo endeshi wa Cisco) ya kupakia, au imeagizwa isiitafute.

Andika dir flash: uone kilichomo kwenye fleshi, kadi inayotunza IOS. Likiwepo faili la .bin, andika boot flash: na jina lake lilivyo, bila kuacha nafasi kati ya flash: na jina. Likipanda, fleshi ni nzima. Sasa piga show version, usome mstari wa mwisho, wenye namba inayoiagiza ruta iwake vipi. Ukikuta 0x2100, ile sifuri ya mwisho ndiyo inayoibakiza ruta kwenye rommon kila ikiwashwa. Irudishe 0x2102. Kama dir imeshindwa kusoma kadi, zima ruta, ichomoe kadi, ipachike vizuri, ujaribu tena.

Wanaonichosha ni hawa wanaokimbilia tftpdnld, amri ya rommon ya kupakua IOS kupitia mtandao. Amri yenyewe inakuonya kwamba kila kilichomo kwenye fleshi kitafutika, inakuuliza y au n, na jibu lililotangulizwa ni n! Fundi wa haraka anabonyeza y bila kusoma, kebo inalegea katikati, na ruta iliyokuwa na mfumo sasa haina. Kujaribu faili jipya kuna tftpdnld -r, inayolipakia kwenye RAM tu, fleshi isiguswe.

Wengine dawa yao ya kila ugonjwa ni kuigeuza namba ile ya kuwakia iwe 0x2142. Hiyo ni ya aliyesahau nywila: ruta inapanda bila kusoma konfigi (mipangilio) iliyohifadhiwa, ambayo bado ipo salama kwenye NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Fundi anaona ruta tupu, anatangaza konfigi imepotea, anaandika mpya ya kubabaisha na kupiga wr, amri ya kuhifadhi. Hapo ndipo ile ya zamani inapofutika kweli, na yeye ndiye aliyeifuta. Asipoirudisha 0x2102, siku umeme ukikatika tena ruta itaamka tupu, naye ataitwa alipwe mara ya pili. Kabla hujatoa hela, mwambie apige show version ukiwa umesimama hapo.