Mama na goti lake, maporomoko ya Sanje, na saa za kutoka nyumbani

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu hapa Morogoro mjini. Likizo ya Juni tumepanga watu sita, pamoja na mama yangu mwenye miaka 63, twende kuyaona maporomoko ya Sanje kule Udzungwa. Tutakodi Noah, tutoke saa 11 alfajiri, tupande, tuogelee, tupike pilau palepale kwenye maji, na usiku tuwe tumerudi. Goti la mama linamsumbua lakini amesema habaki nyumbani. Je, ratiba hii inawezekana? Na tubebe nini? – Msomaji wa kike, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba mmechagua Sanje, na nimefurahi zaidi kwamba mama amekataa kubaki. Mimi nimekulia chini ya milima hiyo. Baba alikata miwa Kidatu, na mama alikuwa akiingia msituni kuokota kuni siku zilizoruhusiwa, kabla ruhusa hiyo haijafutwa mwaka 2011. Kwa hiyo nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja: ratiba hiyo ivunje. Si safari, ratiba.

Tuanze na njia. Kutoka Morogoro hadi mji wa Mikumi unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na pale dereva hapaswi kukimbia, maana wanyama wanavuka barabara watakavyo. Ukifika Mikumi unakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, mwendo wa kilomita 60 hivi mpaka Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa. Hata mkitoka saa 11, mkisimama kunywa chai na mmoja akiomba choo, mtafika saa 4. Mlipe, mpangiwe mwongozaji, mrudi nyuma kilomita kama 10 hadi kijiji cha Sanje njia inapoanzia. Tayari jua liko utosini nanyi hamjapanda hatua moja. Halafu usiku mpite tena Mikumi na dereva aliyechoka. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mlima wenyewe.

Niliwahi kukubali ratiba ya namna hiyo. Tulikuwa vijana watano na mpwa wangu wa miaka 14, tukaanza kupanda saa 6 mchana. Tulipofika juu mvua ilikuwa imeshatukuta. Njia ile ikilowa, udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, na mizizi ndiyo inayokuangusha. Mpwa wangu aliteleza akashuka kwa makalio hatua kumi, mkono ukavunjika. Tulimshusha giza likiingia, tukiwa na tochi moja na simu zisizo na mtandao. Mvulana hakulia hata kidogo, na mpaka leo kunyamaza kwake kunaniuma kuliko kama angelia.

Sasa nakupangia. Tokeni Jumamosi asubuhi, bila haraka. Fikeni Mang'ula mchana, mle, mtafute nyumba ya kulala wageni. Zipo za bei ya kawaida, na wali wa Kilombero huko una harufu yake, usiondoke bila kuula. Jioni hiyo mpelekeni mama kwenye maporomoko ya Prince Bernhard. Yako karibu kabisa na makao makuu, njia ni ya kilomita moja tu, dakika 40 hivi kwa mtu asiye na haraka. Yalipewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992. Mama ataona maji, ataona msitu, pengine na mbega wekundu wakiruka juu ya kichwa chake. Mbega wale hawapo popote duniani isipokuwa Udzungwa na misitu ya jirani. Mwambie hivyo mkiwa palepale chini ya mti, umtazame uso wake.

Jumapili yeye apumzike na mtu mmoja wa kumpa kampani, ninyi wengine mpande Sanje. Najua atabisha. Lakini ile njia inapanda kweli, na kushuka ndiko kunakoua magoti, si kupanda. Akisisitiza, mwache aje mpaka pale njia inapoanzia, akae kivulini aongee na watu wa kijijini. Usimwache apande kwa sababu ya kuona haya kumkatalia.

Saa 1 na nusu asubuhi muwe mmeshafika mlangoni. Mzunguko mzima ni kama saa nne kwa watu wenye afya ya kawaida. Hesabuni tano, kwa sababu mtasimama. Na simameni! Wengi wanapita msitu ule wakikimbilia maji kana kwamba miti ni ukuta wa njia. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa kwenye misitu hii walisikia mlio wa kima wasiyemfahamu, na hivyo sayansi ikapata mangabei wa Sanje, anayebeba jina la kijiji kile. Aligunduliwa kwa sikio. Kwa hiyo acheni spika ya muziki nyumbani. Mwombe mwongozaji awasimamishe mahali, mnyamaze dakika tano, halafu muulizane mmesikia nini.

Maji yenyewe yanaanguka kwa hatua tatu, jumla yake mita 170. Juu kuna mahali unapoliona bonde lote la Kilombero, mashamba ya miwa yamelala kama mkeka wa kijani. Mkishuka kwenye anguko refu, manyunyu yanawalowesha kabla hamjalifikia. Kuogelea kunaruhusiwa kwenye vidimbwi, lakini mwulizeni mwongozaji ni kidimbwi kipi, na asiruke mtu. Ingieni mkitembea, mguu ukipapasa, kwa sababu mawe yameota ujani na hayaonekani. Sabuni marufuku, maji yale yanashuka kwa watu wa bondeni.

Pilau nayo isahau, dada. Moto hauwashwi hifadhini. Pika usiku wa kuamkia, au beba vitu visivyochacha: mayai ya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi mbivu, mihogo ya kukaanga. Maji lita mbili kwa kila mtu. Takataka zote zirudi nanyi, hata maganda ya mayai.

Viatu: raba zenye meno chini, zilizokwishavaliwa. Ndala na yeboyebo ni za bafuni. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, kwa sababu siafu wapo na hawabishi hodi. Nguo moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni, tochi hata kama mnaenda mchana, na bandeji. Kila mtu aje na kitambulisho chake cha NIDA, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni. Malipo ni kwa kadi au kwa kontro namba, si fedha taslimu, kwa hiyo hakikisheni pesa ipo kwenye simu kabla ya kuondoka Morogoro. Hamruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na askari anayebeba bunduki habebi kwa urembo: tembo wa Udzungwa wanapanda milima.

Juni mmechagua vizuri. Masika yameisha, njia imekauka, maji bado mengi. Mkishuka saa 7 na mkaondoka Mang'ula saa 8 na nusu, mtaipita Mikumi mwanga ukiwapo, na mama atakuwa macho dirishani akitafuta twiga.

SWALI: Nina mtoto wa miaka mitano, je anaweza kupanda Sanje? – Baba wa mmoja, Ifakara

JIBU: Bado, ndugu yangu. Mtoto wa umri huo atatembea nusu saa, halafu utambeba, na mtu aliyebeba mtoto haoni anapokanyaga. Mpeleke Prince Bernhard. Kwenu Ifakara si mbali: asubuhi mnaenda, chakula cha mchana mmesharudi.