Blowa haiponyi chipu

SWALI: Shikamoo fundi. Ni kijana wa Tanga, napenda kuchokonoa kompyuta. Laptopu yangu ya gemu ilikuwa inachemka mpaka nyuzi 95, nikafuta pesti ya kiwandani ya kupitisha joto na kupaka metali ya maji kwenye prosesa na GPU, ile chipu ya picha. Joto lilishuka vizuri sana, lakini baada ya siku chache ikazima ghafla katikati ya gemu. Nikiwasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Fundi wa mtaani akaipiga GPU blowa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, ikawaka, nikaitumia wiki mbili, sasa imekufa tena. Anasema ilihitaji moto zaidi. Nimeona pia video ya mtu anaoka madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 200 kwa dakika nane. Joto salama ni nyuzi ngapi, na kwa muda gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hizo nyuzi na dakika hazipo, kwa sababu moto si dawa ya tatizo ulilonalo. Usiirudishe kwenye blowa, na hiyo madabodi isikaribie oveni.

Metali ya maji siirefushi, ingawa nashuku ndiko shida ilikoanzia. Ni mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, na inapitisha umeme. Chipu za laptopu hazina kifuniko; pembeni ya kile kipande cha silikoni kinachong'aa kuna kapasita (vijihifadhi umeme) ndogo mno, na tone lililozidi likibanwa na kipoza joto linakimbilia hukohuko. Sony walipoitumia kwenye mashine yao ya gemu, PlayStation 5, mwaka 2020, waliizungushia ukingo wa kuizuia isitoke, na walisema maandalizi yaliwachukua zaidi ya miaka miwili. Anayepaka nyumbani bila hata kufunika zile kapasita kwa vanishi au tepu ya joto anaacha njia wazi. Kagua pia sehemu ya kipoza joto iliyogusana na chipu. Kama ni shaba, galiamu itaacha madoa tu. Kama ni alumini, imeshaingia ndani yake na itamomonyoka, kitupe.

Kinachoniumiza ni kilichofuata. Swali la nyuzi ngapi na dakika ngapi linanifikia mara kwa mara, na nyuma yake kuna imani moja: GPU imeachia madabodi, vijipira vya lehemu vilivyo chini yake vimepasuka, tuvichome viyeyuke vishike upya. Inasikika kama ufundi kwelikweli. Sasa piga hesabu na ile video yako. Lehemu isiyo na madini ya risasi, ambayo viwanda vingi vilihamia baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya kuanza kufanya kazi Julai 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 220. Oveni ya nyuzi 200 haiyeyushi hata kijipira kimoja. Hata hivyo madabodi ikitoka humo mara nyingine inawaka. Basi kilichoifanya iwake si vijipira.

Tatizo mara nyingi liko ndani ya chipu yenyewe. Silikoni imekaa juu ya kijibao chake kwa nundu ndogo sana za lehemu, na katikati ya nundu hizo imemiminwa gundi ngumu. Chipu ikipata moto na kupoa, ikapata moto na kupoa, silikoni na kijibao hutanuka kwa viwango tofauti, nundu zinachoka na kupata nyufa. Ukiipasha kwa blowa, gundi inalainika, kila kitu kinatanuka, nyuso mbili za ufa zinagusana na umeme unapita. Ufa haujaunganika. Umeufinya tu, na gemu ya kwanza nzito inaanza kuufungua tena. Ndiyo maana hadithi hizi zote zina muda unaofanana: siku tatu, wiki mbili, mwezi.

Hili linajulikana zamani. Julai 2008 Nvidia, kampuni inayounda GPU, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu ambazo malighafi zinazoifunga silikoni kwenye kijibao chake zilikuwa dhaifu. Mwaka mmoja kabla, Microsoft ilirefusha waranti ya mashine yake ya gemu, Xbox 360, hadi miaka mitatu kwa gharama iliyozidi dola bilioni moja. Wenye Xbox walikuwa wanaizungushia taulo ichemke, nayo inawaka, wanasherehekea, kisha inakufa jumla. Kama moto ungekuwa dawa, kampuni zenye maabara na wahandisi wasingelipa fedha hizo.

Kwa sababu hiyohiyo, usidanganywe na anayekuambia atakuwekea vijipira vipya ili amalize kazi. Hiyo ni kazi halali, ina mashine yake na mahali pake, hasa madabodi ikiwa imeanguka au imepinda. Lakini kung'oa chipu na kuirudisha ni kuipasha moto mara mbili, na chipu yenye ufa wa ndani itazinduka kwa moto huo na kukuhadaa vilevile. Dawa ya chipu mbovu ni chipu nyingine.

Kuna jambo wenzetu wa pwani hawaambiwi kabisa. Chipu hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Ukiipeleka ghafla kwenye nyuzi zaidi ya 200, unyevu unageuka mvuke ndani na kuitumbua kama bisi. Viwandani chipu iliyokaa wazi huokwa kwanza kwenye nyuzi kama 125 kwa saa nyingi ndipo iguswe na joto la kulehemu, na hilo joto hupanda kwa hatua, na kileleni halikai sana. Blowa ya mkononi juu ya meza haina hatua hizo. Na oveni iliyookewa madabodi isirudi kupikia chakula.

Kwako wewe blowa iliongeza ubaya mwingine: upepo wake husukuma matone ya metali chini ya vifaa vya jirani. Nashuku GPU yako haikuwa na ufa wowote, ilikuwa na shoti, na yale matone yalihama kwa wiki mbili kisha yakatua pengine.

Chomoa betri. Toa SSD, ile diski yenye kazi zako, kabla ya kingine chochote, zinakili kwenye kompyuta nyingine. Fungua kipoza joto, nyonya metali kwa bomba la sindano lisilo na sindano na vijiti vya pamba, usipulize. Kisha lenzi: kagua kuzunguka silikoni na kwenye kila pengo la kapasita, ondoa punje inayong'aa, safisha kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke sawasawa. Hapo ndipo mita iingie. Njia ya umeme wa chaja, volti 19 au 20, isisome karibu na sifuri kwenda ardhi ya ubao (upande hasi). Koili zinazoilisha GPU umeme ni jambo jingine: GPU nzima ya gemu huweza kusoma ohmu chache tu au hata chini ya moja, na fundi asiyejua husikia mita inalia akatangaza shoti. Mwulize amelinganisha na ubao upi mzima. Kama shoti ipo kweli kwenye njia nyingine, inatafutwa kwa kuingiza volti ndogo isiyozidi ya njia hiyo na kupaka spiriti juu ya ubao. Inapokauka kwanza ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi ni kapasita moja ya bei ndogo. Fundi anayeshika blowa kabla ya kushika mita mwache, hata awe jirani.

Na wewe unayesoma hapa huku ukitafuta laptopu ya mtumba: madhara ya blowa hayaishii kwa mwenye mashine. Ile iliyozinduliwa kwa moto huuzwa ndani ya zile siku chache inazopumua, inawaka mbele yako, inaonyesha picha safi, na muuzaji hana haja ya kusema uongo mwingi. Usilipe kwa kuiona imewaka. Iendeshe gemu nzito au programu ya kupima GPU nusu saa, izime, iache ipoe kabisa, iwashe tena, maana ufa hujionyesha kwenye baridi baada ya moto. Omba kifuniko cha chini kifunguliwe. Ukiona flaksi (utomvu wa kulehemia) ya njano iliyokauka kuzunguka chipu, au plastiki za jirani zimelegea au kubadilika rangi, mrudishie mwenyewe.