Filamu za mkono wa pili: kabla hujatoa franka

Tangu watu wengi wahamie kwenye simu na flashi, vibanda vya DVD vya Goma vinashusha bei ili kumaliza mzigo. Maswali yenu yamekuja mengi. Tunajibu yale yanayorudiwa zaidi.

Nilinunua katuni za watoto Birere. Pale kibandani zilicheza vizuri, nyumbani mbili zikaganda filamu ikifika katikati. Nimeibiwa? (Mama wa Katindo)

Mama, pengine hata aliyekuuzia hakujua. Anaweka diski, picha za mwanzo zinatokea, sauti inasikika, kila mtu anaridhika. Lakini lekta, yaani mashine ya kuchezea diski, huanza kusoma DVD karibu na tundu, kisha inakwenda nje taratibu. Mwanzo wa filamu umejificha pazuri. Ukingoni ndiko vidole vinakoshika, na ndiko diski inakokwaruzwa ikichomolewa kwenye rundo. Kuonyeshwa mwanzo tu ni kama kununua gunia la viazi vya Kibumba kwa kutazama vile vya juu.

Igeuze utazame chini. Rangi ya zambarau au ya samawati ina maana imechomwa, yaani filamu imenakiliwa kwenye kompyuta: mwambie muuzaji aruke hadi dakika za mwisho. Inayong'aa kama fedha mara nyingi ni ya kiwandani yenye safu moja, nayo ijaribu mwishoni. Yenye rangi inayokaribia dhahabu ni ya safu mbili, inabeba GB 8.5 badala ya 4.7. Hiyo kwa kawaida husomwa kutoka ndani hadi ukingoni, kisha lekta inahamia safu ya pili na kurudi ndani. Maana yake ukingo wake uko katikati ya filamu. Ikiwa zako ni za aina hiyo, umeshajua kwa nini ziliganda pale.

Mkwaruzo unaotoka tunduni kwenda nje hausumbui sana, kwa sababu lekta inaweza kujaza pengo dogo. Unaofuata mduara ndio mbaya. VCD, yaani filamu zilizo kwenye CD, nazo zina siri yake: picha zimehifadhiwa mara tu chini ya maandishi ya upande wa juu, kwa hiyo maandishi yakibanduka, filamu imeondoka nayo. Iinue kwenye jua; ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, irudishe.

Tena vumbi la mji huu ni makoro, mawe ya volkano, yaliyosagwa. Ukifuta diski kavu kwa shati, unaipiga msasa. Isuuze kwanza kwa maji yenye tone la sabuni, halafu ifute kwa kitambaa laini kutoka tunduni kwenda nje, bila kuzungusha. Dawa ya meno inayosifiwa na vijana inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo, ila iwe jaribio la mwisho. Iliyopasuka tunduni usiicheze kabisa, inaweza kuvunjikia ndani ya lekta.

Nimepata DVD halisi kwa bei ya chini, zimekuja na mizigo kutoka Ubelgiji. Lekta yetu inazikataa. (Kijana wa Mabanga)

Wenye filamu waliigawa dunia kwa namba: Marekani na Kanada 1, Ulaya ya Magharibi 2, sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, 5. Nyuma ya ganda kuna picha ndogo ya dunia yenye namba ndani. Lekta nyingi za bei nafuu za Kichina hazijali namba hizo. Jaribu kwa jirani kabla hujazitupa. Kwenye kompyuta uwe mwangalifu, kaka. Huwa inakuruhusu kubadili namba mara 5 tu, kisha inabaki pale ulipoishia.

Diski ya "filamu 20 kwa 1" ina faida? (Ndosho)

Gawanya mwenyewe: GB 4.7 kwa 20, kila filamu inabaki na kama MB 235. Kwenye skrini ndogo utavumilia. Kwenye televisheni kubwa sura za watu zinakuwa vigae. Mimi nisingenunua.

Je, kununua filamu hizi si wizi? (Mwanafunzi, Himbi)

DVD halisi iliyotumika ni mali ya aliyeinunua, anaweza kukuuzia. Nakala iliyochomwa ni jambo jingine, na sheria ya Kongo ya haki za mtunzi ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, hata kama sokoni hakuna anayeitaja. Sitajifanya mtakatifu kuhusu filamu za mabilionea wa ng'ambo. Lakini vijana wetu wanatengeneza filamu hapahapa, wengine wamepitia kituo cha sanaa cha Yole!Africa, kazi ya hao inunue kwao wenyewe.

Nipunguziweje bei? (Dada wa Majengo)

Chagua nyingi kwanza, uulize bei ya rundo zima. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo iache nyumbani, hawataipokea. Na filamu za Bongo (Tanzania) za enzi za mwigizaji Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, mara nyingi zilitoka sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake. Usilipe kabla hujazishika zote mbili.

Jirani anauza sanduku la kaseti za VHS. Zina thamani? (Papa wa Keshero)

Filamu za kawaida, hapana. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha mwaka 2016. Ukiharibikiwa, fundi atalazimika kuchinja mashine nyingine apate kifaa. Tazama pia kwenye kidirisha cha kaseti: unga mweupe kwenye utepe ni ukungu, na unaweza kuhamia kwenye mashine na kaseti nyingine.

Lakini Papa, soma maandishi ya pembeni kabla hujakataa. Harusi, ubatizo, sherehe yoyote iliyopigwa mjini kabla ya tarehe 17 Januari 2002 inaweza kuonyesha mitaa iliyofunikwa na moto wa volkano ya Nyiragongo. Hizo zinunue zote, tafuta fundi azihamishie kwenye flashi. Wakati unamtafuta, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, asije mtoto akarekodi mechi juu yake.