Maswali ya wasomaji: nani hasa ni mjasiriamali?

Barua za safari hii zimegongana. Watu saba kutoka pembe saba wameuliza, kila mmoja kwa njia yake, kuhusu neno hili "mjasiriamali", ambalo siku hizi linabandikwa kwa kila mtu kuanzia muuza karanga hadi mwenye meli. Nimezijibu zote, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa mkato.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Mwalimu kawataka waeleze aina za ujasiriamali na nafasi yake katika jamii. Nimetafuta mtandaoni: huku aina nne, kule saba, kwingine kumi. Ipi sahihi? (Mzazi, Morogoro)

Zote, mradi ajue kila orodha inajibu swali gani. Ukiuliza kilichomsukuma mtu kuanza, utapata aliyeanza kwa kukosa kazi na aliyeanza kwa kuona mwanya. Ukiuliza faida inakwenda wapi, utapata wa mfukoni kwake na wa kijamii. Ukiuliza nani mwenye mali, utapata mtu mmoja, familia, au ushirika, kama wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walioanzisha KNCU mwaka 1933. Kijana akichanganya maswali haya matatu kwenye orodha moja, ndipo zinapofika saba.

Kuhusu nafasi katika jamii, mpe huyu: Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyefanyia biashara Paris, ambaye maandishi yake yalichapwa 1755, yeye akiwa ameshafariki. Alisema mjasiriamali ni yule anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Basi. Mfikirie mchuuzi anayepakia matenga ya nyanya Ilula, Iringa, jioni. Alichotoa anakijua hadi senti. Hajui kama Ilala alfajiri atakuta malori matatu au kumi na tatu. Wasiwasi ule kaubeba yeye, na wewe unaamka unakuta fungu la nyanya liko pale pale kama vile limeota mezani. (Cantillon aliwatia hata ombaomba na majambazi kwenye hesabu yake, kwa kuwa nao hawajui siku italeta nini. Hiyo mwanao asiiandike, au aiandike kama mwalimu ana ucheshi.)

Karne mbili hivi baadaye Joseph Schumpeter wa Austria akaongeza sharti: lazima kuwe na jambo jipya. Bidhaa mpya, njia mpya ya kuitengeneza, soko jipya, malighafi ya mahali papya, au mpango mpya wa kazi. Kwa Schumpeter mchuuzi wetu hatoshi. Kwa Cantillon anatosha kabisa. Mimi niko upande wa Cantillon, na majibu yanayofuata yatanisaliti.

Nauza chapati asubuhi nje ya nyumba. Mume wangu anasema huo si ujasiriamali, ni kuhangaika tu. Unga kilo 5 ni 10,000, mafuta 5,500, mkaa 2,500, chumvi na mifuko 500. Napata chapati 60, nauza 500. Nani mkweli? (Mama wa Mbagala)

Mama, hesabu yako ni safi kuliko za wengi wanaoniandikia kwa kompyuta. Matumizi 18,500, mauzo 30,000, faida 11,500. Lakini nilikupigia simu, ukaniambia mengine ambayo hukuyaandika. Watoto wanakula chapati sita kabla ya shule. Mafundi wa jengo la jirani wanachukua tano, watalipa Jumamosi. Kwa hiyo zilizoleta fedha mkononi ni 49, yaani 24,500. Ukitoa matumizi inabaki 6,000, na 2,500 iko kwa mafundi.

Halafu kuna saa. Unaamka saa 10 usiku kukanda, unaosha karai saa 4 asubuhi. Binti yako anasukuma, wewe unachoma. Hakuna kati yenu anayelipwa. Ungemwajiri mtu wa kusukuma, hiyo 6,000 ingeenda nusu.

Je, ni ujasiriamali? Ndiyo, kwa sababu mvua ikinyesha chapati 60 zinakuangukia wewe, haziangukii mwingine. Mumeo hajakosea sana, ila neno lake linafaa kwa daftari, si kwa biashara. Kinachokufanya uonekane unahangaika ni kwamba chapati sita za watoto, deni la mafundi na fedha ya unga wa kesho vinaishi kwenye mfuko mmoja wa khanga. Andika za nyumbani kama mauzo, ujilipe kutoka kwenye matumizi ya nyumbani. Weka fedha ya unga kwenye kopo lake. Baada ya mwezi utajua kama ni bora kuongeza chapati, au kupika maharage ya kuzisindikiza, ambayo mara nyingi ndiyo yenye faida.

Umeuliza pia kuhusu jirani anayetaka muunde kikundi upesi mpate mkopo wa halmashauri. Mkopo ule upo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hauna riba. Ulisimamishwa 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na marejesho mabovu, ukarudi 2024. Hauna ubaya. Ubaya ni kikundi kinachozaliwa siku ya fomu. Kama hamjawahi hata kucheza upatu pamoja mkamaliza mzunguko bila ugomvi, anzeni na huo.

Enzi zetu mtu aliyenunua sukari akaificha auze kwa bei ya juu aliitwa mlanguzi na alikamatwa. Leo anaitwa mjasiriamali na anaalikwa kwenye makongamano. Ni sisi tuliokosea au ni ninyi? (Mstaafu, Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi.

Machi 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka watu wazima wakinong'ona nani kafukia nini nyuma ya nyumba. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi: asiye na kazi inayotambulika mjini arudishwe kijijini akalime. Wauza maji, wauza karanga, wang'arisha viatu, wote walijikuta kwenye kapu moja na mwenye ghala la sukari. Mwaka 1984 bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, bila kuulizwa sana kazitoa wapi. Watu husema ruksa ililetwa na Mzee Mwinyi aliyeingia Ikulu 1985, lakini mlango ulikuwa umeshaachwa wazi kidogo kabla yake.

Tazama safari ya neno basi. Muuza karanga yule yule: mzururaji mwaka 1983, kisha machinga, na Desemba 2018 Rais Magufuli anagawa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kimoja. Karanga hazikubadilika.

Sasa mwenye ghala. Mwaka 1990 mchumi William Baumol aliandika kwamba watu wajasiri hawapungui wala hawaongezeki sana toka zama hadi zama. Kinachobadilika ni wapi jamii inaweka zawadi. Zawadi ikiwa kwenye kuzalisha, watazalisha. Ikiwa kwenye kupata kibali kabla ya wenzao, au kuficha sukari mpaka Ramadhani, akili ile ile itakwenda huko. Kwa hiyo ujasiriamali upo unaojenga, upo usioongeza kitu, na upo unaobomoa.

Jibu langu kwako ni hili: mlikosea kumtia muuza karanga ndani, na sisi tumekosea kumvika mwenye ghala jina la heshima. Yule wa ghala anajua atauza bei gani, kwa kuwa anaipanga yeye. Kwa kipimo cha Cantillon hafai hata kuitwa mjasiriamali.

Naendesha pikipiki ya mkataba. Nampa bosi 10,000 kila siku, ikifika miezi 14 chombo kinakuwa changu. Mimi ni mwajiriwa au mjasiriamali? (Kijana wa kijiweni, Tegeta)

Mafuta ni yako, pancha ni yako, faini ni yako, na siku ukiumwa malaria hesabu ya bosi inasubiri pale pale. Bei ya abiria huijui mpaka mpatane. Mdogo wangu, hatari yote umebeba wewe, mali bado ya mwenzio. Kwa kipimo changu wewe ndiye mjasiriamali na bosi ni mkopeshaji.

Piga hesabu tu ya siku zote hizo 420 mara 10,000. Ni milioni 4 na laki 2. Linganisha na bei ya pikipiki mpya dukani leo, uone mkopo wako una riba kiasi gani. Na mkataba uwe wa maandishi, wenye shahidi, unaosema ikiibiwa mwezi wa 13 inakuwaje. Wengi hugombana hapo.

Nimeajiriwa miaka tisa na sina mpango wa kuacha. Kila mahali naambiwa nijiajiri. Je, mtu wa mshahara hana nafasi kwenye ujasiriamali? (Mhasibu, Dodoma)

Anayo, na mfano uko mfukoni mwako. M-Pesa haikuanzishwa na kijana aliyeacha kazi akaenda kulala gereji. Iliasisiwa na waajiriwa wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Majaribio yalianza Kenya 2005, na lengo halikuwa kutuma fedha nyumbani: yalikuwa marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wakaanza kuitumia kwa mambo yao, kutumiana fedha wao kwa wao. Hao waajiriwa waliona, hawakuwakemea, wakageuza mradi. Machi 2007 Safaricom ikaizindua, mwaka uliofuata ikavuka mpaka kuja kwetu.

Tofauti yenu na mama wa Mbagala ni nani analipia makosa. Ukibuni kitu kazini kikafeli, kampuni inalia. Kikifaulu, kampuni inacheka zaidi yako. Ni biashara ya haki kwa mtu mwenye ada za shule. Mimi niliwahi kuacha mshahara nikafuge kuku wa mayai, vifaranga 200. Ugonjwa wa kideri uliwapitia kwa siku nne. Nilirudi kuandika.

Kikundi chetu cha wanawake kinalima mwani na kutengeneza sabuni. Wafadhili wanatuita "wajasiriamali wa kijamii". Wanunuzi wanatuita wauza sabuni. Tushike lipi? (Katibu wa kikundi, Kusini Unguja)

Dada, wasomaji wa bara wengi hawajui kazi yenu, niwaeleze kidogo. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, na tangu hapo wakulima wengi ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvua, siku bahari inapokupwa sana, mnaingia na kamba, mnafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kati ya vijiti viwili, mkiinama hadi maji yarudi. Ukikomaa unaanikwa, unasafirishwa mkavu, na huko nje wanakamua utomvu wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu. Kuna aina mbili: cottonii yenye bei nzuri, ambayo inakufa maji yanapopata joto, na spinosum inayovumilia lakini bei yake ni ya kusikitisha.

Sabuni ndipo akili ilipofanya kazi. Mwani unasagwa, unachanganywa na mafuta ya nazi na kostiki soda (ile kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), tena mdalasini au karafuu, unakatwa vipande na kuachwa wiki kadhaa ukomae. Hapo hamuuzi tena kwa kilo bei ya mwenye mzani. Schumpeter mwenyewe angewavulia kofia: bidhaa mpya na soko jipya kwa pigo moja.

Kuhusu jina, sitalitumia neno la wafadhili mpaka nione mambo mawili kwenye daftari lenu. La kwanza, ziada inakwenda wapi mnapofunga mwaka. La pili, mfadhili akiondoka kesho, nani ananunua kostiki? Mchumi Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kijijini Jobra, Bangladesh, kwa kukopesha watu 42 jumla ya dola 27 za mfukoni mwake. Kilichoifanya kazi ile iitwe ujasiriamali ni kwamba fedha ilirudi, ikakopeshwa tena. Kama sabuni yenu inajilipia yenyewe, mnaweza kujiita vyovyote. Kama bei yake imeshushwa na ruzuku, jiulizeni mapema, mfadhili akiwa bado anapokea simu.

Kuna semina ya ujasiriamali hotelini, kiingilio 50,000. Niende? (Mhitimu, Mwanza)

Muulize mtoa mada anaishi kwa biashara gani ukiacha semina. Akikutajia na ukaiona kwa macho, nenda. Akianza na ile ngano ya tai aliyelelewa na kuku, bado una muda wa kushuka ngazi.